Kwetu Chini Ni Kuwasha

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na kwamba bega halikusumbui tena baridi inapoingia kama ulivyolalamika mara ya mwisho. Mama miguu inamwendeaje? Wifi na watoto hawajambo? Mwambie wifi yale mafuta ya kukandia niliyompa asiyaweke dirishani, jua linayaharibu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mengine utayasoma.

Barua yako nimeipata. Nimeona herufi zako za mkono wa kushoto zimeanza kusimama. Katika ile ya kwanza zilikuwa zimelala chali zote kama walevi, ikabidi nimwite mtu tusaidiane. Hii nimeisoma peke yangu, mara mbili, na nimekuelewa vizuri.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama Alhamisi nitakuja mahakamani kusimama shahidi dhidi ya Bwana Pindo. La pili, kama huyo fundi cherehani ameanza kuonja alichokuonjesha wewe. Umesema hutaki fidia wala pole ya mtu, unataka afungwe, akae ndani mpaka asahau uzi unatungwaje kwenye sindano. Kaka, Alhamisi nitakuja. Lakini soma mpaka mwisho kabla hujamwambia mwendesha mashtaka lolote. Barua hii naituma kwa mkono wa mwalimu anayekuja huko kesho, ili ikuwahi. Na hilo la pili nitalijibu kwanza, maana hilo nililifanya kwa mikono miwili na kwa raha zangu.

Unajua mimi na Bwana Pindo hatukuwa tukipikika chungu kimoja hata kabla ya ajali yako. Lile gauni langu la harusi ya binti wa mjomba nilimwambia lifike chini ya magoti, yeye akalipandisha mpaka likawa la mtoto wa shule. Nilipomlalamikia akasema eti pindo ni pindo, kilichokuwa kifupi ni kitambaa changu. Ndipo nikampa hilo jina, likamganda, hata mkewe akaanza kujisahau na kumwita hivyo. Mwaka mzima salamu zake nikawa nazipokea kwa nyusi. Duka lake linatazamana na saluni yangu, hatua kumi na tano tu, kwa hiyo nyusi zangu zilikuwa na kazi nyingi.

Basi ulipoanguka kwenye ile nguzo ya mwisho wa mtaa wetu, sikuhitaji kuelekezwa pa kutazama. Ofisi yenu ilisema yenyewe kwamba kipande cha laini ulichokuwa unakiunga kilikuwa kimekatika, hakina pa kupatia umeme isipokuwa kwenye nyumba tatu zinazokitegemea. Yangu, ya Bwana Pindo, na ile iliyofungwa makufuli tangu mwenyewe asafiri. Ulikuwa umeshapima, ukakuta laini imekufa, ukavua glavu ili ufunge ule waya mwembamba vizuri. Halafu kuna mtu akawasha jenereta nyumbani kwake, umeme ukatoka ndani, ukarudi nyuma kwenye laini, ukakukuta na mkono mtupu. Wakaguzi walipofika, jenereta iliyokuwa inanguruma ni ya Bwana Pindo. Akajitetea kwamba jenereta yake haiungani na nyumba hata kidogo, ameivutia waya mmoja tu mpaka kwenye cherehani na kuichomeka hiyo peke yake. Nani angemsikiliza? Waliniuliza na mimi, nikawaambia ya kwetu ina kufuli, ufunguo anakaa nao mume wangu, haijaguswa. Wakaandika. Bwana Pindo akapandishwa gari.

Alikaa ndani siku nne akatoka kwa dhamana, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza.

Kaka, kiti cha saluni ni redio isiyohitaji betri. Mwanamke akishalaza kichwa kwenye beseni, masikio yake ni mali yangu. Kila aliyekaa pale nilimsimulia mkono wako wa kulia, jinsi ulivyoungua na kuvunjika mara moja, jinsi madaktari walivyouokoa wiki mbili kisha wakaukata kwenye kiwiko, jinsi unavyofungwa vifungo vya shati kama mtoto mchanga. Halafu nilikuwa ninanyoosha mdomo ng'ambo ya barabara. Sikumtukana hata siku moja. Nilisema tu, yule pale. Wenye nguo zao kwake walizifuata zikiwa bado vipande. Bibi harusi mmoja aliondoka na shela lenye upande mmoja, upande wa pili akaenda kushonewa sokoni. Nikaenda kwa mwalimu mkuu na kilemba changu cheusi nikalia mpaka akanipa leso yake, na ile kazi ya sare za shule ikahama wiki ile ile.

Haikunitosha. Ile glavu yako ya ngozi iliyobaki pale chini ya nguzo niliiokota. Nikaipigilia msumari kwenye mlango wangu, vidole juu, ikitazama dukani kwake. Kila akiinua macho kutoka kwenye sindano anaiona. Mwezi wa pili akaigeuza cherehani, akawa anashona akiwa ameipa barabara mgongo, kwenye giza la duka lake mwenyewe. Siku ile nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu, na sioni haya kukwambia.

Mkewe alikuja kuniomba. Alisimama mlangoni akasema niwaonee huruma watoto, baba yao hajawahi kuchomeka jenereta kwenye ukuta, wanaweza kuapia chochote nitakacho. Nikamwambia akae kwenye benchi, kuna foleni. Akakaa tangu asubuhi. Nikawahudumia wote, nikafagia, nikakunja mataulo, kisha nikamwambia nimefunga, aje kesho. Hakuja. Wiki iliyofuata alichukua watoto akarudi kwao, maana shuleni walikuwa wanaitwa watoto wa muuaji wa mkono. Bwana Pindo akabaki peke yake, anakula amesimama, sufuria mkononi. Nikasema moyoni, kaka yangu analala na maumivu, na huyu naye alale na ukimya. Roho yangu ikasuuzika.

Kwa hiyo kama ulitaka kujua, ndiyo, ameonja. Kijiko kwa kijiko, na aliyemlisha ni mimi.

Sasa nikupe habari za Jumamosi iliyopita. Ofisi ya umeme ilituma karatasi kwamba kila mwenye jenereta mtaani kwetu lazima afunge swichi ya kubadilishia, la sivyo nyumba inakatwa. Shemeji yako akanuna. Unamjua Injinia. Kwa kuwa anauza misumari na mabomba katika duka la vifaa vya ujenzi, basi anaona dunia nzima ameijenga yeye. Nyumba yetu kila kitu kafunga mwenyewe. Bomba la moto linatoa baridi, na kengele ya mlango inalia ukifungua friji. Meni swichi, ile ya kuzimia na kuwashia umeme wa nyumba nzima, pia kaifunga yeye, juu ya mlango wa korido, kisha akaifunika na kalenda ili isiharibu sura ya nyumba. Alitaka na hiyo mpya aifunge yeye, lakini karatasi ilisema lazima fundi mwenye leseni.

Akaja fundi wa kike, mfupi, suruali ya mifuko sita, penseli sikioni. Hakutaka chai wala maneno. Akapanda stuli, akatoa kalenda. Halafu akainamisha kichwa begani kama mtu anayesoma kitabu kilichoanguka. Akauliza nani aliyeifunga hii. Injinia akajibu kwa kifua mbele. Fundi akatugeukia, akatuuliza kila mmoja wetu, kikonyo cha meni kikiwa chini, imezimwa au imewaka? Mimi nikawahi kujibu kwamba imezimwa, hilo nalo ni swali? Fundi akasema, kwa watu wote ndiyo, ila hapa kwenu chini ni kuwasha.

Nikadhani ananitania. Akanishika mkono akanipandisha stuli nione mwenyewe. Maandishi yote ya kile kisanduku yalikuwa yamesimama kwa vichwa. Nyaya zilipotoka ukutani zilikuwa fupi, na Injinia badala ya kununua nyingine na kuunga alikigeuza kisanduku chini juu ili zifike. Akajitetea huku anacheka kwamba kila nyumba ina siri zake, na kwamba hakuona haja ya kuweka alama kwa kuwa meni ni yake na jenereta ni yake, nani mwingine angeigusa. Fundi hakucheka. Akauliza, na jenereta yenu mnaiunganishaje na nyumba?

Hapo Injinia kikohozi kikamshika. Macho yake yakakimbilia darini yakarudi, lakini mimi nimekaa na mwanaume huyu miaka kumi na moja, macho yake nayasoma kama saa ya ukutani. Nikapanda. Ndani ya mfuko wa saruji, nyuma ya matangi, nikautoa waya mrefu wenye plagi mwanzo na plagi mwisho.

Fundi aliushika kwa ncha mbili za vidole kama anayeshika mkia wa panya. Akanieleza kwamba katika kazi yao plagi yenye meno huitwa dume na tundu la ukutani huitwa jike. Waya wa halali una dume huku na jike kule. Huu una madume mawili. Unachomeka dume moja kwenye jenereta na jingine ukutani, na nyumba yote inawaka, unajiona mjanja. Lakini umeme hauna akili ya kusimama mlangoni. Meni ikiwa imeachwa imewaka, unatoka mpaka barabarani na kupanda nguzo. Hata meni ikiwa imezimwa, mtoto akichomoa upande wa ukutani tu, meno yale yanabaki wazi yakiwa na umeme. Akasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na madume mawili hayafai kukaa kwenye waya mmoja. Ile swichi aliyoileta ina sehemu tatu, umeme wa mtaa juu, jenereta chini, na katikati hakuna kitu. Ukiwa upande mmoja huwezi kuwa upande mwingine hata ukitaka, hata ukiwa umelewa. Kama huna swichi hiyo, akasema, fanya kama yule mshonaji wa ng'ambo, vuta waya mmoja kutoka kwenye jenereta mpaka kwenye chombo chako, na ukuta usiuguse.

Aliposema yule mshonaji wa ng'ambo, mwenyewe akasita. Akatazama dirishani, ile nguzo inaonekana vizuri kutoka koridoni kwetu. Anakufahamu, kaka. Mafundi wote wanakufahamu. Akakaa juu ya stuli yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi miezi mitano nilikuwa nakisaka nguoni mwa fundi cherehani. Umeme uliokuangusha ulitoka nyumbani kwangu.

Injinia alijua. Jioni ya siku ile ya ajali aliporudi kazini aliukuta waya unaning'inia kwenye tundu la saluni, akaitazama meni, akaelewa yote kabla hajavua viatu. Akauchomoa, akaukunja, akauficha. Kisha akakaa mezani nami miezi mitano nikimlaani Bwana Pindo asubuhi na jioni, naye anaitikia, na kunisogezea sukari. Nilipomuuliza aliwezaje kumeza chakula, akasema alikuwa anailinda nyumba yake.

Kaka, unajua nikikasirika sipigi kelele. Nilimwacha fundi amalize kazi. Nilimfanya Injinia amshikie ngazi, amsogezee bisibisi, aishike tochi mpaka kile kisanduku kiliposimama kwa miguu yake. Halafu Jumapili mchana, watu wakiwa wamekaa vibarazani, nikamvisha ule waya shingoni kama shada, madume yote mawili yakimgonga kifuani, nikamtoa nje.

Tulipita nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, yeye mbele mimi nyuma nimekunja mikono. Kila mlango alibisha mwenyewe, akangoja wenyewe watoke, akasema kwamba yeye ndiye aliyefunga meni kinyume, yeye ndiye aliyeuficha waya, na yeye ndiye aliyewasha jenereta siku ile. Mlango wa kwanza sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. Nikamwambia arudie, bibi wa nyumba hii hasikii vizuri. Akarudia. Kufika mlango wa kumi jina la Injinia lilikuwa limeshakufa. Sasa anaitwa Kinyume. Dukani kwake wateja wanamuuliza kama misumari yake inaingizwa kwa kichwa. Wapo waliomtemea mate miguuni, na mimi niliyaona mate yale nikasema bado hayatoshi. Jumapili ile alilala kwenye benchi la saluni.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bwana Pindo. Nilimpeleka huko mwisho makusudi. Alitoka na subana kidoleni, akasikiliza yote, akautazama waya, kisha akaniangalia mimi, si mume wangu. Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu, kama maneno haya yatasemwa na mbele ya hakimu. Mume wangu akamjibu kwamba ndiyo, Alhamisi atayasema. Bwana Pindo akamshukuru. Alimshukuru, kaka, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyerudishiwa chenji, akarudi kwenye cherehani yake. Ningefurahi zaidi kama angemzaba kofi mtu.

Barua hii ningeweza kuikomesha hapa. Wewe ungepata mtu mwingine wa kumchukia, tena mwenye makosa ya kweli, nami ningekuja Alhamisi na mikono misafi na kilemba changu cheusi. Shemeji yako ameshafunga mfuko wake. Ametia mashati mawili, mswaki, na ile miwani ya kusomea, na amemwomba tajiri wake dukani amtafute mtu wa kushika nafasi yake kwa muda ambao hakimu atapanga. Halalamiki. Nimemchunguza siku nzima nione kama atalalamika.

Ila siku ya ajali mume wangu alitoka nyumbani saa moja asubuhi na hakurudi mpaka jioni. Siku ile walishusha saruji, wapo watu wanane waliobeba naye mifuko. Hakuna aliyewauliza, kwa kuwa mwenyewe anasema ndiye.

Niliyewasha ni mimi.

Ulipita getini kwangu na ngazi begani, saa nne hivi. Uliniuliza kama kuna mtu atawasha jenereta kwangu, nikakwambia hapana, imefungwa, na wakati ule nilikuwa nasema kweli. Ukaniambia nivumilie nusu saa tu, umeme unarudi. Sikuwa na mteja. Nikafunga mlango wa saluni nikasema nijitengeneze na mimi, nikajipaka dawa ya kunyoosha nywele kichwa kizima. Dawa ile ina dakika zake, zikipita inakula ngozi. Zilipofika nikafungua bomba, kimya. Pampu yetu ni ya umeme, nami nilisahau kama mtu asiye na akili. Pipa la akiba nilikuwa nimelimaliza asubuhi kwa kudeki. Kichwa kikaanza kuwaka moto.

Bwana Pindo ana mapipa mawili ya maji mbele ya duka lake. Nilikuwa nayaona kutoka dirishani kwangu, yamefunikwa vizuri, na kata imewekwa juu. Hatua kumi na tano, ndoo moja. Lakini niende kwa yule mtu niliyekataa salamu yake mwaka mzima, kichwa kimejaa povu jeupe, nimwombe maji naye anitazame juu mpaka chini? Nikasema heri niungue. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, kaka, kwa mdomo wangu, nikiwa peke yangu. Heri niungue.

Ufunguo wa jenereta najua mume wangu anakouficha, ndani ya kiatu chake cha Jumapili. Nikachomeka ule waya kama nilivyomwona yeye akifanya. Nikakumbuka amewahi kusema lazima meni izimwe kwanza, nikaenda nikafunua kalenda, nikakuta kikonyo kiko chini. Nikasema moyoni, leo Injinia kafanya la maana, kazima kabla hajatoka. Nikavuta kamba. Pampu ikanguruma, maji yakaja. Nilikuwa nimesuuza nusu ya kichwa nilipomsikia mwenzako anapiga kelele nguzoni.

Nilizima nikatoka mbio na taulo. Ulikuwa umelala kwenye mtaro, na mkono wako sitauelezea. Utakumbuka kule hospitali nilikuwa na kidonda kichwani upande wa kushoto, nywele zimetoka zote. Watu walisema nimejing'oa nywele kwa uchungu. Hata Mama aliniliwaza kwa hilo, akanipaka mafuta. Niliwaacha waseme. Na wakaguzi walipouliza nilisema jenereta haijaguswa, maana niliogopa mdomo wa mume wangu aliyenikataza kuigusa, nikajiambia meni ilikuwa imezimwa, kwa hiyo uongo wangu ni mdogo, haumdhuru mtu. Miezi mitano nimelala juu ya neno hilo. Lakini mtu mwenye moyo mweupe hana haja ya kumsaga jirani kila siku inayopambazuka. Sasa najua nilichokuwa nakisaga.

Na kuna jambo lingine lazima ulijue, ili usinionee huruma kwa bahati mbaya. Jumapili ile nilipomtoa mume wangu na waya shingoni, nilimwagiza aseme mawili tu, kwamba alifunga meni kinyume na kwamba aliuficha waya. La tatu, kwamba ndiye aliyewasha, aliliongeza yeye mwenyewe kwenye mlango wa kwanza, akitazama chini. Nami niliyekuwa nyuma yake, nimekunja mikono, ndipo nilipomwambia arudie kwa sauti.

Hajui kama nimekuandikia. Anadhani Alhamisi nitakaa kwenye viti vya watazamaji nimtazame anavyopelekwa. Hatapata nafasi ya kusema hilo la tatu. Nitasimama kabla yake, upande wa Bwana Pindo, na nitamweleza hakimu haya yote kwa mpangilio huu huu, pamoja na povu na mapipa ya maji. Yeye ajibu ya kisanduku chake na ya kuficha, hayo ni yake. Ya kuwasha ni yangu. Na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo usinitumie pole.

Yale uliyomwombea Bwana Pindo katika barua yako, sikuombi uyapunguze hata neno. Badilisha jina tu. Ukiulizwa siku hiyo kama unanifahamu, sema unavyoona, sitakukatiza. Mama usimsomee barua hii, nitamwambia mwenyewe nikifika, nimeketi chini mbele yake.

Msalimie wifi, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Wasalimie na wenzako wa kazini, wale watakaokubali kupokea salamu yangu. Usihangaike kuniandikia jibu, utauchosha bure mkono uliobaki. Tutaonana Alhamisi.

Ni mimi mdogo wako,
niliyewasha.